Jinsi ya kuandika historia ya utawala na huduma katika kijiji chako

Nilifundisha somo la historia katika shule za Newala na Masasi mpaka nilipostaafu, na siku hizi vijana wanaotaka kuandika historia ya vijiji vyao hunifuata barazani. Wengi huja na daftari lenye orodha: mwenyekiti wa kwanza, wa pili, wa tatu, mwaka kijiji kilipoandikishwa, idadi ya vitongoji. Orodha hiyo ina kazi yake, ila haijibu lile ambalo wajukuu watataka kulijua: nani alikuwa na kauli juu ya maisha ya watu hapa, kauli hiyo aliipata wapi, na wananchi walipata nini kwake. Njia ninayowaelekeza ni kushika huduma moja na kuifuata tangu ilipoanza mpaka leo. Ukiifuata bila kuiacha utakutana na kila serikali iliyopita kijijini kwako, kuanzia ya Mjerumani hadi hii yetu.

Shika kitu kimoja kinachogusika

Kama unakaa juu ya uwanda wa Makonde, Newala au Tandahimba, usihangaike kuchagua. Anza na maji. Ardhi yetu ni kichanga, mvua ikinyesha maji yanazama chini, huku juu hakuna mto wala kijito. Kabla ya pampu wanawake walishuka mabondeni alfajiri na kupanda na mitungi kichwani. Bibi aliyezaliwa kabla ya 1945 atakueleza njia aliyopita, mahali pa kupumzikia, na foleni aliyoikuta chini.

Miaka ya 1950, Mwingereza akiwa bado anatawala, ndipo maji yalipoanza kusukumwa kwa mashine kutoka bondeni kuja juu. Baada ya uhuru serikali ilijiwekea lengo kubwa mwaka 1971: ndani ya miaka 20 kila mwanakijiji awe na maji safi karibu na nyumba yake. Miaka hiyohiyo ya 1970 Finland ilikuja kusaidia miradi ya maji Mtwara na Lindi. Sera ya Maji ya 1991 ikaleta habari ya wananchi kuchangia. Tangu 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na pale kijijini kuna chombo cha watumia maji kinachokusanya fedha za ndoo.

Sasa chukua kila kipindi kati ya hivyo, ukiulize maswali manne. Nani aliamua? Nani alilipa, kwa fedha au kwa jasho? Nani alitunza mashine ilipoharibika? Na watu wasiporidhika walimwendea nani, na mtu huyo waliweza kumwondoa?

Swali la nne ndilo linalobeba mzigo wote, nalo ndilo vijana huliruka. Bwana Shauri wa Kiingereza, yaani mkuu wa wilaya wa enzi hiyo, aliweza kukupa bomba na akabaki kuwa mtu usiyeweza kumgusa. Aliyemleta ni Gavana, na Gavana aliletwa na London. Mwenyekiti wa kijiji wa leo huenda hana uwezo wa kununua hata koki, lakini kila baada ya miaka mitano anarudi kwenu kuomba kura. Mtendaji wa kijiji naye ni mwajiriwa wa halmashauri, hapigiwi kura. Andika tofauti hizo kwa makini. Kuna miaka watu wetu walipewa maji bila kuulizwa, na kuna miaka waliulizwa bila kupewa, na kijiji kinachojua ni lipi lilitokea lini kinajua pia cha kudai.

Walio Lindi mjini, Kilwa au Mikindani wanaweza kuanza na bandari, shule au ghala. Walio Masasi na Ndanda waanze na hospitali, nitaeleza kwa nini.

Uwe na kalenda kabla ya kumwendea mzee

Mzee hatakutajia mwaka. Atakwambia "wakati wa karanga" au "tulipohamishwa". Ni kazi yako kuujua mwaka. Tengeneza kalenda yako ukurasa mmoja, uifahamu kwa kichwa. Nitagusa yale ambayo naona kila kijiji cha huku kitayahitaji.

Anzia kwa Machemba. Huyu alikuwa kiongozi wa Wayao katika uwanda huu, na mwaka 1890 alimwandikia Wissmann, kamanda wa Wajerumani, barua kwa Kiswahili. Alimwambia kwamba haoni sababu ya kumtii. Kama ni urafiki yuko tayari, kama ni kuwa chini yake hawezi, kwa kuwa yeye ni sultani katika nchi yake kama Mjerumani alivyo sultani kwao. Mwaka 1899, baada ya miaka ya kusumbuana, akavuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Ninapenda vijana waanze hapa kwa sababu somo la mamlaka ya nchi huletwa darasani kana kwamba lilianzia kwenye vyama vya siasa vya mijini. Liliandikwa huku kwetu, kwa lugha yetu, kabla boma la Mikindani halijajengwa mwaka 1895.

Mwaka huohuo wa 1895 serikali ya Ujerumani ilitangaza kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe kwa sheria zao ni mali ya dola. Mwingereza mwaka 1923 akaiweka ardhi chini ya Gavana. Baada ya uhuru ikawa ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kuisimamia ardhi ya kijiji. Mistari hiyo minne iandike peke yake mahali, utairudia mara nyingi.

Kisha kodi. Kodi ya kibanda ilianza 1898, na waliotumwa kuikusanya ni maakida na majumbe. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikaanza Umatumbini, huko Nandete, watu wakiwa wamechoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na mazao, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Vita ya 1914 hadi 1918 ikaja na kubebeshwa mizigo. Mahiwa, karibu na Nyangao, palipiganwa vita vikali Oktoba 1917. Mwaka 1926 Mwingereza alitunga sheria ya serikali za wenyeji: akatawala kupitia viongozi aliowatambua yeye, wakikusanya kodi yake na kusikiliza kesi ndogondogo.

Mradi wa karanga unahitaji ukurasa wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo, na huku kwetu Nachingwea. Misitu ilifyekwa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka Mtwara, bandari ya kina kirefu ikajengwa. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na serikali ya Uingereza ikakubali hasara ya zaidi ya pauni milioni 36. Reli ilifungwa mara baada ya uhuru. Bandari ikabaki. Iulize bandari yale maswali manne na utaona jambo la kufikirisha: iliamuliwa London kwa ajili ya chakula cha Uingereza, hakuna mtu wa Mtwara aliyeulizwa, na leo ndiyo inayopitisha korosho zetu. Huduma inaweza kuzaliwa kwa nia ya mwingine ikaishia kuwa ya wananchi. Njia ya kinyume nayo ipo, na utaikuta kijijini kwako ukitafuta.

Baada ya 9 Desemba 1961 mambo yanakimbia. Utawala wa machifu ulifutwa 1963. Azimio la Arusha ni Februari 1967. Halmashauri za wilaya zilivunjwa 1972, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa 1976, na vyote vikarudishwa miaka ya 1980. Sheria ya vijiji ni ya 1975. Uchangiaji hospitalini ulianza 1993. Ada ya shule ya msingi ilifutwa tena 2001. Stakabadhi ghalani kwenye korosho, yaani zao kukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, ilianza msimu wa 2007/08. Usiishie kunakili tarehe hizi. Kila moja iwekee alama ya kuuliza: hapa kwetu ilifika lini, na ilifika kwa sura gani?

Wamisionari na shule

Nilisema walio Masasi na Ndanda waanze na hospitali. Masasi misheni ya Kianglikana ilifika 1876, ikiwa na watu waliokombolewa utumwani. Ndanda Wabenediktini walifika 1906. Kwa miaka mingi ukiugua, au ukitaka mtoto asome, mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa misheni. Serikali ya mkoloni ilikusanya kodi na kuwaachia wengine kutibu. Daktari Leader Stirling alifika Lulindi 1935 kama mmisionari, akaja kuwa mwanachama wa TANU, mbunge, na mwaka 1975 Waziri wa Afya. Maisha ya mtu mmoja yanakuonyesha huduma ikihama kutoka mkono wa kanisa kwenda mkono wa dola.

Kuna upande ambao ni lazima uuandike kwa upole. Huku Waislamu ni wengi, na wazazi wengi waliogopa kwamba mtoto akipelekwa shule ya misheni atarudi na jina jingine. Baadhi waliamua asisome. Mwaka 1969 serikali ilizitwaa shule za misheni zikawa za watoto wote. Nenda kwa wazee wa Kiislamu, uwaulize siku hiyo waliipokeaje. Nenda pia kwa wazee wa Kikristo, waliojenga shule zile kwa mikono yao. Majibu hayatafanana, na yote ni historia ya kijiji.

Kuzungumza na wazee

Usiende msimu wa korosho. Kuanzia Septemba hadi Desemba watu wako mashambani wanaokota, au wako kwenye chama cha msingi wanasubiri bei ya mnada. Nenda baada ya hapo, jioni, au mchana wa mvua ambao hakuna kazi. Pitia kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji ili mzee asidhani umetumwa na mtu. Shikamoo, kaa chini, uliza hali za nyumbani, eleza wewe ni mjukuu wa nani kwa upande wa mama. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao hilo la upande wa mama ndilo linalofungua mlango. Ukishajulikana ukoo wako mazungumzo yanageuka.

Ili kupata mwaka, tumia jando na unyago. Muulize: "Babu, wakati huo ulikuwa umeshaingia jandoni? Uliingia pamoja na nani?" Watu walioingia pamoja wanajuana mpaka uzeeni, na ukimpata mmoja wao mwenye cheti cha ubatizo au cha shule, umeupata mwaka wa kundi zima.

Wanawake waendee peke yao. Hili nalisisitiza kuliko yote katika sehemu hii. Wanaume watakupa vyeo, mikutano na hotuba. Wanawake watakupa umbali wa maji, dawa iliyokuwepo na isiyokuwepo, jina la mkunga, mwaka ambao sabuni na khanga vilikosekana kabisa, na chakula walichochimba njaa ilipokaza. Huwezi kuandika ustawi wa kijiji kwa kusikiliza wajumbe wa halmashauri tu. Na usimwache mume amjibie.

Maswali yawe ya vitu vilivyotendeka. Ukiuliza "Ujamaa ulikuwa mzuri au mbaya?" utapata hotuba ya chama au manung'uniko, na vyote viwili umeshavisikia. Uliza: "Siku ile mliyohamia, usiku wa kwanza mlilala wapi? Mlibeba nini? Mikorosho ya mjomba ilibaki na nani?" Mikoa yetu iliingia katika vijiji mapema, na kando ya Ruvuma kulikuwa na sababu ya ziada: vita ya ukombozi ya Msumbiji iliyoanza 1964. Ndege za Wareno zilikuwa zinavuka, na mabomu yalitegwa njiani. Katika vijiji vile mtu anaweza kukwambia kuhama kulimwokoa. Kilomita chache tu mbele, mwingine atakwambia kulimtoa kwenye ardhi ya ukoo na mikorosho iliyokuwa inazaa, akapewa ekari kwenye kichaka. Zao la korosho liliporomoka vibaya baada ya kilele cha miaka ya mwanzo ya 1970, na umbali kati ya nyumba mpya na mashamba ya zamani ulikuwa moja ya sababu. Wakati huohuo shule na zahanati nyingi tulizo nazo zilijengwa kwa sababu watu walikuwa wamekaa pamoja. Usichague upande. Andika kila neno na aliyelisema, umri wake, na mahali alipotoka kabla ya kuhamia.

Ukimwona mzee amenyamaza, funga daftari. Kuna waliopoteza watoto.

Karatasi

Mzee akishazoea kukuona, muulize kama ana karatasi za zamani. Utashangaa yaliyomo kwenye masanduku ya bati: stakabadhi za kodi ya kichwa, kadi za TANU, risiti za ushirika zenye kilo na bei, vyeti vya manamba waliokwenda mashamba ya mkonge. Stakabadhi ya kodi ilikuwa kinga ya mtu. Asiyekuwa nayo alikamatwa njiani. Kodi ya maendeleo ilikuja kufutwa 2003, kwa hiyo hata wenye miaka 45 wanakumbuka kukimbilia porini mgambo walipoingia. Piga picha kwa simu mchana, kivulini, karatasi ikiwa imelala juu ya kitambaa cheupe, kisha mrudishie palepale. Usiondoke nayo hata akikulazimisha.

Ofisi ya kijiji inatakiwa kuwa na cheti cha kuandikishwa na mihtasari ya mikutano. Shule ina kitabu cha matukio. Parokia ina vitabu vya ubatizo. Zahanati ina madaftari ya wagonjwa, na hayo usiyaguse: majina na magonjwa ya watu si ya kuandikwa. Uliza tu ilifunguliwa lini na nani aliezeka bati.

Mwenye uwezo wa kufika Dar es Salaam aende Nyaraka za Taifa, Upanga, na barua ya utambulisho kutoka halmashauri. Aombe vitabu vya wilaya, ambavyo wakuu wa wilaya wa Kiingereza walikuwa wanaandika: koo, mipaka, kodi, njaa, majina ya viongozi. Visome ukijua nani kaviandika. Pale Bwana Shauri anaposema watu wa mahali fulani ni wavivu, tafuta alikuwa anawataka wafanye kazi gani, kwa malipo gani, mwezi gani wa kilimo. Mara nyingi utagundua ameandika habari ya watu waliokataa.

Mambo ya juzi ambayo bado yana moto

Kijana wa Mtwara hawezi kuandika juu ya mamlaka akaruka mwaka 2013. Januari na Mei ya mwaka ule kulikuwa na maandamano na ghasia kuhusu bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Watu walikufa, nyumba na mali zikachomwa, jeshi likaingia mjini. Bomba lilikamilika 2015. Mwaka 2017 Bunge likatunga sheria inayosema maliasili ni mali ya wananchi na zinasimamiwa kwa niaba yao. Andika tarehe, andika wananchi walidai nini na serikali ilijibu nini, kwa maneno yao. Usiandike jina la mtu yeyote aliyeshiriki, hata akikuruhusu. Kisha rudi kwenye maswali manne, hasa lile la nani aliamua. Naamini kwa dhati kwamba watu walioingia barabarani na wale waliopanga bomba wote walikuwa wanazungumzia nchi moja. Waligongana juu ya nani anaanza kuulizwa, na hilo linastahili kuandikwa na watu wa hapa kwa utulivu, kabla halijaandikwa na wengine kwa haraka.

Kuandika na kusoma mbele ya watu

Panga sura kwa huduma: maji, tiba, shule, mazao na ushirika, ardhi. Viongozi watajitokeza humo humo kila mmoja mahali pake. Sentensi ziwe fupi. Wazee wakipingana, weka maelezo yote mawili yakifuatana na useme nani kasema lipi.

Kabla ya kuchapa, omba nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hukaa kila miezi mitatu. Soma sura moja, isizidi dakika 20, na uchague ile yenye ubishi. Mtu akisimama kusema "hapo umekosea", mpe kalamu mwenzako aandike, wewe sikiliza. Kuna mwenyekiti atakayetaka sura ya kipindi chake ipunguzwe ukali. Mwambie kwa heshima aandike maelezo yake, uyaweke chini ya yale ya wananchi, bila kufuta chochote.

Nakala moja iwe shuleni, moja ofisi ya mtendaji, moja kwa mtu wa kijiji anayeaminika asiye na cheo, maana ofisi hubadilisha watu na makabati hubebwa. Chapa kwa herufi kubwa, wasomaji wako wa kwanza watakuwa wale wazee uliokaa nao, na wengi hawana miwani.